Kujibu mada kwa picha za safari: mwongozo wa anayeanza, kutoka Lamu

Maswali huwa yale yale kila msimu wa kaskazi, vijana wanaosoma bara wanaporudi nyumbani na wageni wanapojaa kwenye barabara ya pwani. Mmoja hunionyesha simu yake na kuniuliza: mada ya wiki hii ni "Maji", nitume ipi kati ya hizi mia mbili? Mwingine ametuma picha nzuri kabisa, imekataliwa, naye hajui kosa lake. Wa tatu hajawahi kutuma hata moja kwa sababu hajui aandike nini chini ya picha. Nimeyajibu maswali haya barazani, gatini na ndani ya mashua ya kuvukia kisiwa cha Manda, na kwa kuwa majibu hayabadiliki sana, nimeona heri niyaandike kwa mpangilio ili anayeanza ayafuate hatua kwa hatua.

Changamoto ya picha ninayoizungumzia hapa ni ule utaratibu ambao mwandaaji hutoa neno au fungu la maneno, kama vile "Mlango", "Kusubiri" au "Rangi ya buluu", na washiriki wakaleta picha zinazolijibu neno hilo ndani ya muda uliowekwa. Nyingi hazina zawadi yoyote. Faida yake ni kwamba picha za safari, ambazo kwa kawaida hulala kwenye simu hadi simu ipotee, hupata sababu ya kutazamwa upya.

Niseme mapema jambo ambalo litarudi katika karibu kila hatua: mada ni swali, na picha unayotuma ni jibu. Sisi wa Lamu tuna ugonjwa wetu, nao ni jahazi wakati wa machweo. Mada ikiwa "Safari", tunatuma jahazi na machweo. Ikiwa "Utulivu", jahazi na machweo. Ikiwa "Rangi", jahazi lile lile na machweo yale yale. Picha hiyo hupendwa na kila mtu, lakini haijibu chochote.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Simu yenye kamera inayofanya kazi, au kamera ikiwa unayo. Simu inatosha kabisa. Sijaona mada iliyomshinda mtu kwa sababu ya simu.
- Kitambaa laini kisicho na mafuta cha kufutia lenzi. Pembe ya kanga iliyofuliwa mara nyingi inafaa kuliko vitambaa vingi vya dukani.
- Nafasi kwenye simu au kwenye kadi ya kumbukumbu, na mahali pa pili pa kuhifadhia nakala.
- Daftari dogo au sehemu ya kuandikia kwenye simu, kwa ajili ya majina ya watu, mahali na tarehe.
- Bando la kutosha kupakia faili kubwa, si la kuperuzi tu.
- Masharti ya changamoto yenyewe, yawe yamehifadhiwa mahali unapoweza kuyasoma hata mtandao ukiwa umekatika.

Hatua ya 1: Soma masharti kabla ya kuifikiria mada

Watu wengi huisoma mada, wakasisimka, wakatoka na kamera, kisha wakayasoma masharti baada ya kukataliwa. Fanya kinyume chake. Angalia idadi ya picha zinazoruhusiwa, ukubwa wa faili unaotakiwa, kama picha za zamani zinakubaliwa, na kiasi gani cha uhariri kinavumiliwa. Ikiwa masharti yanataka picha moja, tuma moja. Mwenye kutuma tano ili waandaaji wamchagulie huwa amewaachia kazi ambayo ni yake.

Muda wa mwisho ndio mtego mkubwa kwetu, tena mtego wenye midomo miwili. Kwanza ni tofauti ya saa za dunia: muda ukiisha saa sita usiku kwa saa za GMT, kwetu huwa ni saa tisa usiku, ukiisha saa sita usiku kwa saa za New York, kwetu huwa ni saa moja au saa mbili asubuhi, kutegemea msimu wao. Pili ni namna yetu ya kuhesabu saa. Nimeona kijana mwerevu akisoma 7:00 kwenye tangazo na kuitia akilini kama saa saba mchana, ilhali ilikuwa saa moja asubuhi, na aliposhika simu baada ya adhuhuri mlango ulikuwa umefungwa zamani. Uandike muda wa mwisho kwa maneno, kwa saa zetu, na ujiwekee wako binafsi unaotangulia kwa siku nzima.

Sharti la mwisho la kusoma ni lile la leseni, ambalo wengi huliruka kwa sababu limeandikwa kwa herufi ndogo. Mfano mzuri ni Wiki Loves Africa, inayofanyika tangu 2014 na kutoa mada moja kila mwaka. Picha zinazotumwa huko huingia Wikimedia Commons kwa leseni huria, maana yake mtu yeyote anaweza kuzitumia, hata kwa biashara, mradi amtaje mpigaji na afuate masharti ya leseni hiyo. Hakuna ubaya katika hilo, na picha nyingi za Afrika zimepata wasomaji kwa njia hiyo, lakini huwezi kutoa ruhusa leo na kuirudisha kesho. Picha ya mtoto wa jirani yako si ya kuiweka kwenye mkataba wa aina hiyo.

Hatua ya 2: Igeuze mada iwe neno lako

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu, hata kama kwa macho ya watu utaonekana umekaa tu.

Mada nyingi hutangazwa kwa Kiingereza, na anayeanza hulitafsiri neno mara moja kisha akatafuta kitu chenye jina hilo. Tuchukue "Mlango". Kwa Lamu ni mada nyepesi kupita kiasi, kwa maana milango ya nakshi ipo kila mtaa, na mgeni akishuka gatini hupiga kumi kabla hajafika kwenye nyumba aliyopanga. Lakini lishike neno lenyewe kwa Kiswahili, uligeuzegeuze, na utaona kwamba lina vyumba vingi. Kuna mlango wa nyumba. Kuna mlango wa bahari, na ukisimama Shela, pale ambapo maji kati ya Lamu na Manda yanafunguka kwenda bahari kuu, unauona kwa macho, jinsi mawimbi yanavyobadilika sura mahali pamoja. Kuna mlango wa ukoo, tunaposema fulani na fulani ni wa mlango mmoja. Na kuna milango ya fahamu, ambayo ni mitano: jicho, sikio, pua, ulimi na ngozi. Picha ya mwanamke akinusa kikuba cha asumini, ukiwa umepewa ruhusa ya kuipiga, inaweza kuijibu mada ya "Mlango" kwa namna ambayo hakuna mshiriki mwingine aliyeiwaza.

Fanya hivi kwa kila mada. Andika neno katikati ya karatasi, kisha andika vitu vinavyoitwa kwa jina hilo, vitendo vinavyotoka kwalo, na misemo inayolitumia. Ukifika kwenye jibu la nne au la tano, hapo ndipo pa kuanzia. Majibu matatu ya kwanza yataletwa na wengine.

Tahadhari moja: usiende mbali hadi ukahitaji aya nzima kueleza picha inahusianaje na mada. Mwonyeshe mtu wa nyumbani picha na umtajie neno la mada tu. Akisema "aa, naona", endelea, akiuliza "kivipi?", rudi kwenye karatasi.

Hatua ya 3: Pekua picha ulizonazo

Ikiwa masharti yanaruhusu picha za zamani, anza na safari ulizokwisha kwenda. Fungua folda zako, pitia haraka, na kila unayodhani inajibu iweke kando bila kujadiliana na nafsi yako. Usipitishe kumi. Picha ya dirisha la treni ya Nairobi, ya foleni ya feri ya Likoni au ya magofu ya Gede huenda ilikuwa ya kawaida siku uliyoipiga, lakini mada huipa picha kazi ambayo hukuikusudia.

Hatua ya 4: Ikibidi kupiga mpya, chagua saa kwanza, mahali baadaye

Lamu iko kama digrii mbili tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwaka mzima jua huchomoza na kutua karibu na saa kumi na mbili, na saa hizo husogea kwa takribani nusu saa tu. Giza nalo huingia kwa kasi. Ukisikia mtu wa Ulaya akisema kwamba mwanga wa jioni humpa saa nzima ya kufanya kazi, fahamu kwamba hazungumzii hapa. Kwetu una dakika ishirini au thelathini, nazo hazisubiri.

Mji wetu umeelekea mashariki, upande wa Manda. Kwa sababu hiyo nyumba za pwani, gati na mashua zilizofungwa huangazwa vizuri asubuhi, na jioni jua huzama nyuma ya mji na kuiacha pwani yote kivulini. Anayesimama gatini jioni akingoja jua lizame baharini atangoja sana. Vichochoro vina sheria tofauti. Vitabu vya upigaji picha husema uepuke jua la mchana, na kwa ufuoni nakubaliana navyo, lakini Usita wa Mui, yaani njia kuu ya ndani ya mji, na vijia vyake ni vyembamba kiasi kwamba jua huingia hadi chini mchana tu, likashuka kama ukanda mwembamba kwenye ukuta wa chokaa na kupotea upesi. Simama chini ya wikio, yaani pale chumba cha juu kinapounganisha nyumba mbili juu ya njia, na usubiri punda au mtu aingie kwenye ukanda huo. Nimefanya hivyo mara nyingi, na picha nyingi ninazozipenda zimetoka hapo, saa ambayo wapiga picha wengine wamelala.

Maji nayo yana ratiba yake. Ukienda leo yakiwa yamejaa, kesho saa hiyo hiyo hayatakuwa pale pale, kwa kuwa kila siku huchelewa kwa takribani dakika hamsini. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji hujaa hadi karibu na barabara ya pwani kisha hupwa mbali na kuziacha mashua zimelala ubavu juu ya tope. Mahali ni pamoja, picha ni mbili tofauti kabisa. Muulize nahodha yeyote. Atakujibu bila kutazama saa.

Hatua ya 5: Omba ruhusa

Salamu hutangulia kamera. Mtolee mtu salamu kamili, mpe shikamoo ikiwa amekuzidi umri, mweleze unafanya nini na picha itakwenda wapi, kisha uombe. Neno "itaonekana na watu wengi mtandaoni" ulitamke waziwazi, kwa sababu mtu anaweza kukubali kupigwa picha na asikubali kuonyeshwa. Wanawake wengi wa hapa hawapendi kupigwa picha, na kimya chao si ruhusa. Watoto, waombee ruhusa kwa wazazi. Wakati wa Maulidi, mji unapojaa watu, furaha ya wazi ya zefe na matari isikufanye udhani kila kona imefunguliwa. Ndani ya msikiti na kwenye mikusanyiko ya kina mama uliza kwanza, na ukiambiwa hapana, shukuru na uondoke. Kambi za jeshi na vituo vya polisi usizielekezee kamera kabisa.

Nami nimekosea. Mwaka mmoja nilijibu mada iliyohusu mwanga wa ndani kwa picha niliyoipiga nikiwa njiani, kupitia mlango uliokuwa wazi: daka la mlangoni, kiwanda cha ndani, yaani ua wa nyumba, na mwanga ukishuka kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani. Hakukuwa na mtu hata mmoja ndani ya picha, nami nikadhani hilo linatosha. Siku ya pili kijana wa nyumba ile alinijia kwa adabu, akanionyesha kwamba pembeni kabisa, kwenye kamba, zilionekana nguo za dada zake zilizoanikwa, na kwamba mtaa mzima umeitambua nyumba kwa nakshi za mlango wake. Niliiondoa picha saa ile ile, nikaenda kumwomba radhi mama yake, naye akanisamehe na kunikalisha kwa kahawa. Tangu siku hiyo, nyumba naihesabu kama mtu: nayo huombewa ruhusa.

Hatua ya 6: Piga

Futa lenzi. Kwenye mashua, matone ya maji ya chumvi hukauka juu ya kioo bila wewe kuyaona, na ukungu mweupe unaouona kwenye picha si hali ya hewa. Usisugue chumvi ikiwa kavu, maana itakwaruza. Lowesha kitambaa kidogo kwa maji baridi ya kunywa, kisha ukaushe.

Washa mistari ya gridi kwenye kamera ya simu, na uulaze upeo wa bahari sambamba na mstari. Bahari iliyoinama upande mmoja kama inamwagika ndiyo kasoro ninayoiona zaidi ya zote. Gusa skrini mahali unapotaka paonekane vizuri, na mbele ya ukuta mweupe punguza mwangaza kidogo ili chokaa isipoteze alama zake. Kisha piga kitu kile kile kwa umbali wa aina tatu: kwa mbali, kwa wastani, na kwa karibu kiasi cha kuona ngozi, uzi au msumari. Sogea kwa miguu yako. Kuvuta picha kwa vidole kwenye simu huiharibu.

Hatua ya 7: Chagua moja

Hatua hii ni ngumu kuliko kupiga, nami nitaieleza kwa mfano. Mada ilikuwa "Kusubiri". Asubuhi moja nilikuwa gatini, maji yamepwa. Hamali mmoja alikuwa ameketi juu ya mkokoteni wake, na mzigo aliokuwa auchukue, kreti za soda, ulikuwa bado ndani ya mashua iliyolala kwenye tope, mbali na ngazi. Nilizungumza naye, akakubali, nikapiga, na niliporudi nyumbani nilibaki na picha tatu.

Ya kwanza ilimwonyesha yeye, mkokoteni, mashua na Manda yote kwa nyuma. Ilikuwa imejaa habari, na kwa hiyo ilikuwa picha ya gati tu. Ya pili ilikuwa uso wake akitabasamu, picha ambayo yeye mwenyewe aliipenda na nikampa. Lakini mtu anayetabasamia kamera hasubiri tena, amekwisha kupata shughuli. Ya tatu ilikuwa ya miguu yake, ikining'inia kwenye ukingo wa mkokoteni. Juu kidogo ya vifundo kulikuwa na mstari mweupe wa chumvi iliyokauka, ulionyooka kama umechorwa kwa chaki. Mstari ule ulieleza kila kitu: aliingia majini alfajiri, maji yakamwacha, na sasa anangoja yarudi. Nilituma hiyo.

Kwa hiyo unapochagua, usiulize ipi ni nzuri zaidi. Uliza ipi ingekosa maana kama mada ingekuwa neno jingine. Picha ya kwanza na ya pili zingeweza kujibu "Kazi", "Pwani" au "Furaha". Ya tatu isingeweza kujibu mengi. Ukishindwa kuamua, ziache hadi kesho yake, kisha uzitazame zikiwa ndogo kama ukucha wa kidole gumba, kwa sababu ndivyo wengi watakavyozikuta kwanza.

Hatua ya 8: Hariri kidogo

Weka nakala ya asili kando kabla ya kugusa chochote. Nyoosha upeo, kata kingo zenye vitu visivyohusika, rekebisha mwanga, na uishie hapo. Kuongeza rangi hadi bahari ya Lamu ionekane kama ya kadi ya posta ni dhuluma kwa bahari, na kufuta mtu au nyaya za umeme kwa programu ni kinyume cha masharti ya changamoto nyingi.

Hatua ya 9: Andika maelezo ya picha

Sentensi mbili au tatu zinatosha. Taja mahali, wakati, na jambo moja ambalo jicho haliwezi kuliona. Usieleze kinachoonekana. "Mashua nzuri ikijengwa Matondoni" ni maneno yaliyopotea bure, kwa kuwa mashua tunaiona na uzuri tutauamua wenyewe. Linganisha na haya: "Matondoni, Lamu. Fundi anatia kalafati, yaani anashindilia pamba yenye mafuta kati ya mbao ili maji yasiingie. Sauti ya nyundo yake ilisikika kabla hatujafika ufuoni." Msomaji ambaye hajawahi kufika amepata kitu.

Ukitaja historia, hakikisha. Ngome yetu ilikamilika 1821, mnara wa Msikiti wa Ijumaa wa Shela ni wa 1829, na Mji wa Kale wa Lamu uliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001. Kila mwaka nasoma maelezo yanayoviongezea vitu hivi mamia ya miaka ili kuwapendeza wageni, na kuna wasomaji wanaojua.

Kuna mahali pasipofaa kutajwa kwa usahihi. Viota vya kasa ni mfano mmoja, na nyumba ya mtu binafsi ni mwingine. Kumbuka kwamba simu inaweza kuandika mahali picha ilipopigwa ndani ya faili yenyewe bila wewe kujua, kwa hiyo zima kumbukumbu ya mahali kwenye mipangilio ya kamera, au uifute kabla ya kutuma.

Hatua ya 10: Tuma, kisha watazame wenzako

Ipe faili jina linaloeleweka: jina lako, mada na mahali. Angalia alama ya reli (#) iliyotajwa kwenye masharti, herufi kwa herufi, kwa maana ikikosewa herufi moja picha yako haitaonekana na waandaaji. Ikiwa unamtumia mtu faili kwa WhatsApp ili akupakilie, itume kama hati, si kama picha. Ukiituma kama picha husagwa, na faili ya megabaiti 4 inaweza kufika ikiwa kilobaiti mia chache tu. Pakia alfajiri, mtandao ukiwa mwepesi. Baada ya hapo zitazame picha za washiriki wengine na uwaandikie neno wawili watatu. Utajifunza zaidi kwa kuona mtu wa nchi nyingine alivyolijibu neno lile lile kuliko kwa mwongozo wowote, huu ukiwemo.

Mambo yakienda kombo

*Picha imekataliwa kwa udogo.* Huenda umetuma nakala iliyopitia WhatsApp au picha ya skrini. Rudi kwenye faili ya asili. Kuikuza ile ndogo kwa programu hakurudishi kilichopotea.

*Picha inaonekana imelala ubavu.* Ifungue kwenye programu ya kuhariri, izungushe, ihifadhi upya, kisha uitume tena.

*Rangi zimefifia baada ya kupakia.* Kwa wenye kamera kubwa, sababu ya kawaida ni kuhifadhi kwa mfumo wa rangi wa Adobe RGB. Hifadhi kwa sRGB, mfumo wa rangi wa kawaida mtandaoni.

*Mtu aliyekubali amebadili nia.* Iondoe mara moja, bila mabishano, na umjulishe umeiondoa. Ndiyo maana nilisema usome sharti la leseni kabla.

*Nimeiona picha yangu kwenye tangazo la mtu.* Kama hukuitoa kwa leseni huria, hakimiliki ni yako, na kwa sheria ya Kenya hakimiliki ya picha hudumu miaka 50. Mwandikie aliyeitumia, kwa upole na kwa maandishi, ukiambatisha nakala ndogo ya faili ya asili kama ushahidi. Hapo utaona faida ya kuhifadhi nakala.

*Sijasafiri popote.* Kutoka mjini hadi Matondoni kwa miguu ni safari, na kuvuka hadi magofu ya Takwa, kule Manda, kwa mashua ni safari. Nenda na mada moja kichwani na uone.

*Muda umeisha kabla sijatuma.* Usiitupe picha. Iweke kwenye folda yenye jina la mada. Maneno haya huzunguka. "Maji" nimelijibu mara nne kwa waandaaji mbalimbali, na picha niliyotuma mara ya nne ndiyo ile ile niliyochelewa nayo mara ya kwanza, kwa kosa la kusoma saa.